Mkoba wa shabiki: Yafaayo kubebwa na yafaayo kuachwa nyumbani siku ya mechi kubwa

MASHABIKI wa kandanda wanapojiandaa kwa mechi kubwa katika uga wa Nyayo au ule wa Kimataifa wa Moi ulioko Kasarani, Nairobi, wengi huwaza kuhusu jezi, vuvuzela na nauli. Ni wachache wanaowaza kuhusu lango.

Hata hivyo, ni langoni ambako siku hiyo huamuliwa. Hapo ndipo mkoba hufunguliwa, tiketi hukaguliwa na umati hubanana. Ni katika msongamano wa aina hiyo, mnamo Oktoba 23, 2010, ambapo watu saba walipoteza maisha katika uwanja wa Nyayo siku ya mechi kati ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Waliofariki hawakuwa wamekwenda vitani. Walikuwa wamekwenda kutazama debi ambayo Wakenya huiita ya Mashemeji, kwa sababu ya ndoa nyingi zinazounganisha jamii za Waluo na Waluhya ambamo timu hizo mbili zilichipuka.

Kwa hivyo, suala la nini cha kubeba si la starehe pekee. Kila kitu ambacho mlinzi analazimika kukitoa mkobani, kukigeuza na kukirejesha huchukua sekunde kadhaa. Ukaguzi ukirefuka kwa sekunde 10 tu kwa kila mtu, watu 1,000 wanaopitia mlango mmoja huongezewa jumla ya sekunde 10,000, yaani karibu saa tatu.

Foleni isiposonga, walio nyuma hawaoni kinachoendelea mbele. Wanachosikia ni kelele za wenzao waliotangulia kuketi, na pengine kipenga cha kuanza kwa mechi. Basi husukuma.

Msongamano huua vipi?

Magazeti na redio hutumia neno "mkanyagano" kuelezea maafa ya aina hii, lakini neno lenyewe linapotosha kiasi. Wengi wanaofariki katika umati hawakanyagwi. Hufa wakiwa wima, kwa kukosa hewa, kwa vile kifua kimebanwa pande zote na hakina nafasi ya kutanuka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, Aprili 15, 1989, katika nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Mkasa huo hatimaye ulihesabiwa kuwa umeua watu 97.

Wataalamu wa masuala ya umati huhesabu watu kwa kila mita mraba. Wakifika watano au zaidi katika eneo hilo dogo, mtu hawezi tena kuchagua anakoelekea. Hubebwa na umati kama gogo linavyobebwa na mto uliofurika. Wakati huo kinachomfaa shabiki ni mikono yake miwili, aliyoiinua mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi.

Aliyeshika chupa mkono mmoja na mfuko wa chakula mkono wa pili hana mikono hiyo. Kutokana na hilo, jambo la kwanza la kuzingatia katika kufunga mizigo ni kwamba kila kinachokwenda uwanjani kienee mwilini, mikono ikiwa mitupu.

Tiketi, kitambulisho na simu

Kwa muda mrefu shabiki wa Kenya alizoea kununua tiketi ya karatasi dirishani saa moja kabla ya mechi. Mazoea hayo yamepitwa na wakati katika mechi kubwa.

Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa fainali za CHAN mnamo Agosti 2025, watu wasio na tiketi walivamia malango ya Kasarani. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilichukua hatua. Kufikia mechi ya Harambee Stars dhidi ya Zambia hapo Agosti 17, idadi ya mashabiki ilikuwa imepunguzwa hadi 27,000, na ni tiketi za kielektroniki pekee zilizoruhusiwa.

Maelfu ya watu wakakosa viti katika uwanja uliokuwa na nafasi, tena wakati timu yao ikiwa imetoka kuilaza Morocco 1-0. Adhabu hiyo haikuwabagua waliokuwa wamenunua tiketi mapema na waliozoea kuruka ua.

Tiketi ya simu ina udhaifu wake. Watu elfu ishirini wakikusanyika mahali pamoja, kila mmoja akituma picha, mtandao hulemewa. Anayesubiri kufika langoni ndipo afungue ujumbe wa tiketi huenda akasimama hapo akitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini huku foleni ikimlaani.

Inafaa tiketi ipigwe picha ya skrini tangu nyumbani, na nakala itumwe kwa mmoja wa wale wanaoandamana naye. Simu nayo iwe imejaa moto asubuhi hiyo. Betri ya akiba ya kuchajia si ya kutegemewa, kwa sababu walinzi wa viwanja vingi huikataa kwa kuwa ni nzito na inaweza kurushwa.

Kitambulisho cha kitaifa kibebwe pia, pamoja na pesa kidogo taslimu. M-Pesa imerahisisha mambo mengi, lakini hiyo nayo hutegemea mtandao ule ule uliolemewa.

Mkoba wenyewe

Mkoba bora wa mechi ni ule usiokuwepo. Koti lenye mifuko ya zipu hutosha kwa simu, kitambulisho, pesa, karatasi ya chooni na dawa. Asiyeweza kufanya bila mkoba na achukue ule mdogo wa kitambaa unaofungwa kiunoni au kuvukishwa kifuani, ukiwa mbele ya mwili ambako mwenyewe anauona.

Begi la mgongoni ndilo baya kuliko yote. Huchukua nafasi ya mtu wa pili katika foleni, mikanda yake hunasa vitu na watu, na wezi wa mifuko hulifungua mwenyewe akiwa anashangilia bao.

Nchini Marekani, ligi ya kandanda ya huko, NFL, ilianzisha mwaka 2013 kanuni ya mikoba inayoonyesha vilivyomo ndani ili kuharakisha ukaguzi. Shabiki wa Nairobi asifikirie kuiga kwa kutumia mfuko mwepesi wa plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, na adhabu yake ni faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Mfuko wa kitambaa uliofunguliwa tayari kabla ya kumfikia mlinzi hufanya kazi ile ile.

Vitakavyozuiwa

Orodha ya vitu vilivyokatazwa hutofautiana kati ya mashindano na mashindano, na hutangazwa na waandalizi siku chache kabla ya mechi. Ni vyema isomwe. Lakini kanuni inayoiongoza haibadiliki sana: kitu chochote kinachoweza kurushwa, kukata, kuwaka au kumzuia mwingine kuona hakitaingia.

Chupa za vioo, makopo na chupa za chai za chuma huangukia hapo. Vivyo hivyo visu, hata kile kidogo cha kumenyea machungwa, viberiti vya gesi, fataki, kurunzi za leza na fimbo za bendera. Mwavuli huzuiwa kwa sababu una ncha na huwafunika walio nyuma. Palipo na dalili za mvua, koti jepesi la mvua linalokunjika ndilo la kubeba.

Filimbi hukatazwa kwa sababu nyingine kabisa. Mchezaji akisikia mlio akadhani ni wa refa, husimama, na mshambuliaji akafunga.

Vuvuzela nalo lina historia yake. Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, liliruhusu tarumbeta hilo la plastiki katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, na dunia nzima ikalisikia. Mwaka huo huo UEFA ililipiga marufuku katika mechi zake, na katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 halikuruhusiwa kuingia viwanjani. Shabiki anayelipenda aulize kwanza, la sivyo ataliacha kwenye rundo nje ya lango.

Ngoma ni suala jingine. Mashabiki wa AFC Leopards, almaarufu Ingwe, wana desturi ya kuja na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Uwanja usio na isukuti siku ya debi ni kama harusi isiyo na wimbo. Lakini ngoma haifichiki kotini, na wapigaji hufanya busara wanapopata idhini ya klabu na ya wasimamizi wa uwanja mapema, kisha wakaingia kwa pamoja saa kadhaa kabla ya umati.

Mavazi

Viatu vina uzito kuliko jezi. Kandambili na sapatu huvuka mguuni katika msukumano, na mwenye kiatu huinama kukiokota. Katika umati unaosonga, aliyeinama huenda asiinuke. Viatu vya kufunga kwa kamba, vilivyozibwa mbele, ndivyo vifaavyo, na fundo lifungwe mara mbili. Kiatu kikitoka, kiachwe kiende.

Skafu na bendera nazo zina hatari isiyozungumzwa. Kitambaa kilichofungwa shingoni kikinaswa na mwingine katika msongamano hugeuka kitanzi. Bendera na ifungwe kiunoni hadi mtu aketi, ndipo aitandaze mabegani apendavyo.

Kuhusu rangi, mashabiki sugu wa Gor Mahia hawahitaji kukumbushwa kuvaa kijani, wala wale wa Ingwe buluu na nyeupe. Ushauri ni kwamba siku ya debi koti la rangi isiyo na upande livaliwe juu ya jezi wakati wa kwenda na kurudi. Utani wa mashemeji ni mtamu ndani ya uwanja. Katika kituo cha matatu usiku, baada ya mmoja kufungwa, ladha yake hubadilika.

Koti hilo lina kazi nyingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi. Mechi inayoanza jua likiwaka huisha watu wakitetemeka. Kwa upande mwingine, si kila kiti kina paa, na jua la ikweta katika mwinuko huo huunguza ngozi hata siku ya mawingu mepesi. Kofia laini ya kitambaa hutosha.

Chakula na maji

Kwa kuwa chupa aghalabu haziruhusiwi, maji mengi yanywewe kabla ya kuondoka nyumbani, kidogo kidogo, si lita nzima langoni. Ndani ya uwanja huuzwa maji na soda, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko dukani.

Chakula kinachofaa ni kile kisichohitaji kisu, sahani wala kupashwa moto. Chapati iliyokunjwa ndani ya karatasi, mayai ya kuchemsha yaliyokwisha kumenywa, njugu karanga na ndizi huenea mfukoni na kumshibisha mtu saa tano au sita. Anayepita njia ya Thika siku ya mechi hatakosa mahindi choma wala soseji za toroli, lakini ale nje, amalize, ndipo ajiunge na foleni.

Pombe haina nafasi katika mkoba huu. Sigara pia: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma.

Dawa na moshi

Mwenye pumu asiende bila kipulizio chake, na asikiweke ndani ya mkoba bali katika mfuko wa shati au suruali anaoweza kuufikia hata akiwa amebanwa. Baridi ya jioni, vumbi na msisimko vyote huweza kuamsha pumu. Mwenye kisukari abebe dawa na kitu kitamu, na ikiwa anatumia sindano, barua ya daktari itamwokolea muda langoni.

Kuna jambo jingine ambalo lingefaa lisiwemo katika makala ya michezo, lakini limo. Maafa mawili makubwa zaidi ya viwanjani katika karne hii yalitokana na vitoza machozi. Jijini Accra, Ghana, Mei 9, 2001, polisi walivirusha majukwaani baada ya mashabiki kurusha vitu uwanjani katika mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Watu zaidi ya 120 walifariki wakikimbilia malango. Mjini Malang, Indonesia, Oktoba 1, 2022, idadi ilikuwa 135.

Shabiki hawezi kumzuia afisa wa polisi kutumia gesi. Anachoweza ni kubeba leso ya kufunika pua na mdomo, kuvaa miwani ya kawaida badala ya lenzi za kubandika machoni, na kutosugua macho gesi ikimfikia. Zaidi ya yote, anapoketi tu, atazame malango yaliko. Lile alilopitia kuingia si lazima liwe la karibu zaidi, wala si hakika litakuwa wazi.

Funzo la Yaoundé linahusu jambo hilo. Januari 24, 2022, watu wanane walifariki nje ya uwanja wa Olembe kabla ya mechi ya Cameroon na Comoros katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema lango lililopaswa kufunguliwa lilikuwa limefungwa. Lango lisiposonga kwa muda mrefu, kurudi nyuma mapema na kutafuta jingine si woga.

Watoto

Mtoto ni wa kupelekwa uwanjani mapema au kutopelekwa kabisa. Mzazi aliye naye afike saa mbili hadi tatu kabla ya mechi, wakati walinzi bado wana subira na mlango una nafasi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mtoto apigwe picha kwa simu akiwa katika mavazi ya siku hiyo. Akipotea, picha hiyo itasema zaidi ya maelezo ya mzazi aliyechanganyikiwa. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye karatasi na kutiwa mfukoni mwake, au iandikwe mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi. Watoto wengi wa siku hizi hawajui namba ya mama kwa moyo; imo ndani ya simu.

Katika msongamano, mtoto mdogo abebwe kifuani au mabegani. Akitembea katikati ya watu wazima, kichwa chake huwa kimo cha viwiko vyao.

Kwa wanaovuka mpaka

Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 lilikabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja mnamo Septemba 2023. Mkoba wa anayesafiri kufuata timu kati ya nchi hizo huongezeka vitu viwili au vitatu.

Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha kitaifa, chini ya mpango ulioanza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo katika mpango huo, hivyo pasipoti inahitajika, na ni busara kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Koti la Nairobi litamsumbua katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, ambako joto la pwani hudai shati jepesi na maji maradufu. Namboole, nje kidogo ya Kampala, kunataka koti la mvua.

Safari ya kurudi

Wengi hufunga mizigo kana kwamba siku huishia kwenye kipenga cha mwisho. Nauli za matatu aghalabu hupanda umati unapotoka, na aliyetumia pesa zote kwa soseji na skafu hujikuta akitembea kando ya barabara ya Thika gizani. Nauli ya kurudi ikunjwe peke yake, iwekwe ndani ya soksi au mfuko wa ndani wa koti, na isiguswe hata timu ikifunga mabao matano.

Wanaokwenda kwa kikundi wakubaliane asubuhi mahali pa kukutania nje ya uwanja iwapo simu zitagoma. Pawe mahali panapojulikana na pasipo pa kupita umati: kituo cha petroli au duka fulani, wala si "pale langoni".

Asiye na haraka huketi dakika 20 zaidi akimalizia karanga zake, wakati malango yakipumua. Kufikia hapo matatu za kwanza huwa zimejaa na kuondoka, na makondakta wa zile zinazofuata wameanza kushusha bei.